Jua Mmea Unatembea kwa Miguu Gani

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Fungu la Bustani ya Nyumbani.)

   

Juma lililopita tuliwaomba kila mmoja aje na mmea mmoja unaomsumbua katika bustani yake. Tulisema aung'oe pamoja na mizizi yake, asikate majani tu. Basi, iwekeni mimea hiyo mezani. Kama umesahau, usione haya. Sogea karibu na mwenzako, mtazame mmoja pamoja.

Leo tutajifunza habari za mimea inayoenea upesi mno bustanini. Mingine ni magugu, yaani mimea tusiyoitaka. Mingine tumeipanda wenyewe kwa mikono yetu, nayo imetushinda. Tutajifunza jinsi ya kuizuia. Lakini kwanza nitawasimulia kosa nililolifanya mimi mwenyewe.

KOSA LANGU

Nilipokuwa kijana, mama yangu alikuwa na matuta matatu ya mchicha nyuma ya nyumba. Mchicha ule tulikula jioni. Uliobaki mama aliufunga mafungu, akaupeleka sokoni. Fedha yake ndiyo iliyonunua chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Matuta yale yalikuwa madogo, lakini yalituwekea nyumba.

Siku moja mama alipata habari kwamba dada yake ni mgonjwa. Akafunga safari kwenda kumwuguza. Kabla ya kuondoka aliniita, akanionyesha majani machache membamba pembeni mwa tuta moja. Akasema, "Mwanangu, hii ni ndago. Usiiache ikaingia katika mchicha."

Nikaitikia, "Sawa, mama."

Kesho yake asubuhi nikashika jembe. Nililima pembe ile kwa nguvu zangu zote. Nilikata, nikakatakata, nikageuza udongo mara mbili. Kisha nikachukua reki nikausambaza ule udongo juu ya matuta yote, ili yapendeze. Nilijiona hodari sana.

Mama alirudi baada ya wiki tatu. Hata mzigo hakuutua. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, akasimama. Matuta yote matatu yalikuwa yameota ndago, kama nywele kichwani. Mama hakunikemea. Alisema tu, "Mwanangu, hukupalilia. Umepanda."

Msimu ule hatukuuza mchicha. Chumvi tulikopa dukani. Maneno yale ya mama sijayasahau hata leo, na ndiyo somo lenyewe. Jembe linaweza kuua magugu. Jembe hilohilo linaweza kuyapanda. Tofauti ni moja tu: je, mwenye kulishika anajua mmea ule unaeneaje?

MIGUU MINNE YA MIMEA

Mmea hauna miguu kama mtu, lakini unatembea. Leo uko hapa, baada ya miezi miwili uko kule kwa jirani. Unatembeaje? Katika bustani zetu tutaona njia nne. Sisi tutaziita miguu minne.

Mguu wa kwanza ni viazi vidogo vilivyo chini ya udongo.

Mguu wa pili ni shina linalotambaa chini ya udongo.

Mguu wa tatu ni shina linalotambaa juu ya udongo.

Mguu wa nne ni mbegu.

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno manne: KIAZI, SHINA LA CHINI, SHINA LA JUU, MBEGU. Wanafunzi wayasome kwa sauti, kisha wayaandike katika madaftari yao.

(Hapa mwalimu asimamishe kusoma kwa dakika tano.)

MGUU WA KWANZA: KIAZI

Tazameni kama mezani kuna ndago. Utaijuaje? Watu wengi hudhani ndago ni aina ya nyasi, lakini siyo. Shika shina lake linalobeba ua, ulizungushe kati ya vidole. Shina la nyasi ni la mviringo. Shina la ndago lina pembe tatu. Vidole vyako vitakuambia hata gizani.

Sasa tazama chini yake. Utaona kiazi kidogo cheusi au cha rangi ya kahawia. Ukikivunja kinanukia. Kwenye kiazi hicho kuna uzi mwembamba mgumu. Uzi huo unakwenda mpaka kwenye kiazi cha pili, na cha pili unakwenda mpaka cha tatu. Viazi vya ndago hufungana kama shanga katika uzi mmoja.

Sikilizeni sana hapa, maana hii ndiyo siri ya ndago. Kila kiazi kina macho, kama kiazi ulaya kilivyo na macho. Lakini katika mnyororo mmoja si viazi vyote vinavyoota kwa wakati mmoja. Kile cha mbele kikiota, huvizuia vile vingine, navyo hulala. Vinaweza kulala muda mrefu. Ukija na jembe ukaukata uzi, kila kiazi hujikuta peke yake. Hakuna tena wa kukizuia. Basi, vyote huamka.

Sasa mmeelewa nilichokifanya katika bustani ya mama. Palikuwa na majani machache tu juu, lakini chini palikuwa na viazi vingi vimelala. Mimi nikakata nyuzi zao, nikaviamsha. Kisha nikavisambaza kwa reki.

Tufanye nini basi? Kama ndago bado ni chache, usilime kwa kukata. Chimba pembeni ya mmea, shubiri moja kwenda chini, maana viazi vingi havizidi hapo. Inua bonge zima la udongo. Livunje kwa mikono taratibu, ufuate uzi kutoka kiazi hadi kiazi. Vitie viazi katika kikapu au ndoo. Usivitupe pembeni ya bustani, wala usivitie katika shimo la mbolea. Vianike juani juu ya bati au jiwe wakati wa kiangazi, wiki mbili au zaidi, mpaka vikauke kabisa. Kiazi cha ndago kinapenda maji, lakini jua kali hukiua.

Kama ndago zimekwisha kujaa, huwezi kuchimba viazi vyote. Basi tumia njia ya kuvichosha. Jani likitokeza, chakula cha kulikuza hutoka katika kiazi. Jani likikua, hurudisha chakula chini na kutengeneza viazi vipya. Kazi hiyo ya kutengeneza viazi vipya huanza kama wiki tatu hadi sita baada ya jani kutokeza. Kwa hiyo, usilipe jani nafasi hiyo. Kila baada ya wiki mbili, pita ung'oe kila ndago iliyotokeza. Kiazi kitatoa jani jingine. Ling'oe tena. Kitatoa tena. Ling'oe tena. Mwisho kiazi kitakuwa kama mfuko uliotolewa fedha kila siku bila kutiwa.

Kazi hii haiishi kwa mwezi mmoja. Huenda ikachukua misimu kadhaa. Walakini kila msimu utaona zimepungua. Ukiruka miezi miwili tu, umerudi ulikoanzia.

Kuna msaidizi wako mwingine, nao ni kivuli. Ndago ni mmea wa jua. Palipo na kivuli kizito hudhoofika. Basi, baada ya kung'oa, usiache udongo wazi. Panda kunde, maboga au matembele, yafunike ardhi upesi.

Watu wengine hutandika karatasi nyembamba ya plastiki wakidhani ndago itakufa chini yake. Ncha ya ndago ni kali kama sindano. Hutoboa plastiki nyembamba ikatoka juu. Usipoteze fedha yako.

MGUU WA PILI: SHINA LA CHINI

Sasa tazameni kama yupo aliyeleta sangari. Watu wa nyanda za juu wenye mashamba ya kahawa wanaifahamu sana. Hii ni nyasi kweli. Chini yake hamna viazi. Pana kamba nyeupe, nyembamba, ndefu, zenye vifundo kama muwa mdogo. Kamba hizo si mizizi, bali ni mashina yanayotembea chini ya udongo. Kila kifundo kina jicho, na kila jicho linaweza kuwa nyasi mpya.

Hapa nataka tupige hesabu. Chukua kamba moja ya sangari yenye vifundo kumi. Ukiikata kwa jembe vipande vitano, kila kipande kina vifundo viwili. Je, umeua sangari ngapi? Hata moja. Je, umeweza kupanda ngapi? Tano. Mwalimu, andika hesabu hii ubaoni.

Kwa hiyo, kwa sangari usitumie jembe la kukata. Tumia jembe la meno. Lichome chini, kisha inua udongo juu, kama mtu anayeinua wali kwa uma. Udongo ukilegea, vuta ile kamba polepole. Ikikatika, usiseme basi. Fuata kipande kilichobaki mpaka ukipate.

Fanya kazi hii wakati wa kiangazi, siku chache baada ya udongo kulegea, si wakati wa masika. Katika masika kipande kilichosahauliwa huota tena baada ya siku chache. Katika kiangazi kikiachwa juani hukauka. Kamba ulizokusanya zianike juu ya mawe mpaka zivunjike kama njiti, ndipo uzichome au uzitumie kutandaza. Usizitandaze zikiwa mbichi chini ya migomba yako. Utakuwa umeipelekea migomba mgeni asiyeondoka.

Sangari mara nyingi huingia kutoka pembeni, kutoka njiani au katika mpaka. Basi, chimba mfereji mwembamba kuzunguka bustani, kina chake shubiri mbili, na uuache wazi. Kamba ya sangari ikifika hapo hutokeza katika ukuta wa mfereji, nawe utaiona. Pita kila Jumamosi na panga, ukate ncha hizo na kuziokota.

Katika mguu huu wa pili yumo pia rafiki yetu mmoja. Rafiki huyo ni mnanaa. Nani asiyependa mnanaa katika chai? Unapanda kijiti kimoja karibu na mlango wa jiko. Mwaka wa pili umemeza vitunguu, umemeza nyanya, unaelekea kwa bamia. Mnanaa nao hutembea kwa mashina, mengine chini kidogo ya udongo, mengine juu yake.

Je, tuung'oe? La. Tuupe nyumba yake. Chukua debe kuukuu au ndoo iliyopasuka. Toboa matundu chini ili maji yapite. Lifukie ardhini, lakini uache mdomo wake uwe juu ya udongo kwa upana wa vidole vitatu. Jaza udongo mzuri, panda mnanaa wako humo. Mashina yake yatagonga ukuta wa debe na kurudi. Mara kwa mara tazama mdomo wa debe. Shina likitaka kuruka ukuta, likate ulitie katika chai. Baada ya mwaka mmoja au miwili mnanaa utajibana. Utoe, gawanya, rudisha kipande kimoja chenye afya, na vingine uwape majirani. Lakini usisahau kuwapa na habari ya debe.

MGUU WA TATU: SHINA LA JUU

Mguu huu mnaujua wote. Tazameni marando ya viazi vitamu. Shina hutambaa juu ya udongo, na kila kifundo kinachogusa ardhi yenye unyevu hutoa mizizi. Shina moja laweza kupanda nanga mahali pengi. Ukikata shina lile kati, sehemu ya mbele haifi, kwa sababu ina mizizi yake.

Mguu huu ndio mwepesi kuliko yote, kwa sababu tunauona. Dawa yake ni kuinua. Pita kila wiki, inua marando kutoka ardhini kabla mizizi haijashika, uyageuze yarudi juu ya tuta lake. Yaliyopita mpaka, yakate uyapike mboga. Matembele ni chakula kizuri. Hivyo kuzuia na kuvuna vinakuwa kazi moja.

Ila fahamuni jambo moja. Marando uliyoyakata usiyatupe ovyo penye unyevu. Kila kipande chenye kifundo ni mbegu.

MGUU WA NNE: MBEGU

Mimea mingine haitambai. Inakaa pale pale kwa adabu, lakini inatuma watoto wake mbali. Wengine wanachukuliwa na upepo, wengine na maji ya mvua, wengine na ndege, wengine na matope ya viatu vyetu.

Nitataja miwili.

Wa kwanza ni gugu karoti. Asili yake ni nchi za joto za Amerika. Katika Tanzania lilitambuliwa mkoani Arusha mwaka 2010, na katika Kenya na Ethiopia lilikuwako kabla ya hapo. Majani yake yamekatikakatika kama majani ya karoti. Maua yake ni madogo, meupe, mengi. Lakini ukiling'oa huoni karoti yo yote chini. Mmea mmoja mkubwa huweza kutoa mbegu zaidi ya elfu kumi. Tena halichelewi. Tangu kuota hadi kutoa maua, huenda isizidi wiki sita.

Gugu hili lina ubaya wa pili. Huwasha ngozi ya watu wengi, na vumbi la maua yake huwaletea wengine pumu na mafua. Kwa hiyo, usilishike kwa mikono mitupu. Vaa glavu, au uvike mikono mifuko ya plastiki. Funika pua kwa kitambaa. Usimtume mtoto kuling'oa.

Ling'oe lingali changa, kabla halijatoa maua. Udongo uwe umelowana kidogo, ili mzizi utoke mzima. Kama limekwisha kutoa maua, usilikokote bustanini, maana mbegu zitapukutika njiani. Litie katika gunia palepale, kisha ulichome mahali pakavu mbali na nyumba, nawe usisimame penye moshi.

Wa pili ni lantana. Huu ni mti mdogo wenye miiba midogo. Maua yake huwa na rangi mbili au tatu katika kishada kimoja: manjano, waridi, nyekundu. Nao ulitoka Amerika. Watu waliupanda kwa ajili ya ua, kwa sababu ni mzuri na mbuzi hawaupendi. Ndege hula matunda yake meusi, kisha huangusha mbegu popote wanapotua. Hivyo ua ukawa kichaka, na kichaka kikawa pori.

Wengine husema, "Ni maua tu, yana madhara gani?" Ng'ombe akila majani ya lantana huumia ini, na ngozi yake huchubuka juani. Aweza kufa. Tena sikilizeni habari hii. Mwaka 1964 ugonjwa wa malale ulizuka huko Alego, katika Nyanza, nchini Kenya. Ugonjwa huo huletwa na mbung'o. Watu wamezoea kusema kwamba mbung'o hukaa porini au mtoni. Lakini huko Alego wataalamu walikuta mbung'o wanakaa karibu kabisa na nyumba za watu, katika vichaka vya lantana. Mbung'o hutaka kivuli na unyevu, na vichaka vile vilimpa vyote viwili mlangoni pa mwanadamu. Ua uliopandwa kulinda nyumba ulikuwa umemkaribisha adui.

Kwa hiyo, lantana usiikate kwa panga tu ukaondoka. Kisiki chake huchipua tena, na mara nyingi machipukizi ni mengi kuliko mwanzo. Chimba kisiki chote na mizizi yake minene. Baada ya mvua ya kwanza, rudi mahali pale. Mbegu zilizolala zitaota. Miche hiyo ni laini, aweza kuing'oa hata mtoto. Ukiiacha miaka miwili, utahitaji shoka.

HABARI YA DAWA

Najua yuko mtu anayetaka kuuliza, "Je, hakuna dawa ya kupuliza, tumalize?"

Dawa zipo dukani, lakini ni za aina mbalimbali. Nyingine huunguza majani tu. Ukiipulizia ndago dawa ya namna hiyo, majani yatakauka na utafurahi. Baada ya siku chache viazi vitatoa majani mengine. Nyingine huingia ndani ya mmea, lakini hizo hazijui tofauti kati ya ndago na mchicha wako. Upepo ukivuma kidogo tu, umeua mboga.

Katika bustani ya nyumbani watoto hucheza, kuku hudonoa, na kisima huenda kiko karibu. Ushauri wangu ni kwamba mikono na jembe vinatosha. Kama unaona huna budi kutumia dawa, mwone kwanza bwana shamba au bibi shamba wa mahali penu. Soma maandishi yaliyo kwenye chupa, neno kwa neno. Hii ni faida mojawapo ya kujua kusoma. Zamani ulimwomba mtu akusomee. Sasa soma mwenyewe. Wala usinunue dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda, isiyo na maandishi. Watoto wamekufa kwa chupa za namna hiyo.

HABARI YA JIRANI

Jambo la mwisho. Ndago haijui mpaka. Lantana haijui mpaka. Ukisafisha kwako na jirani asisafishe kwake, umefanya nusu ya kazi. Lakini usiende kwake kwa hasira. Usimwambie, "Magugu yako yameniharibia." Huenda yalianza kwako, na hamjui.

Mwendee jioni, mpige hodi, mwulize habari za watoto. Kisha mwambie, "Jirani, mpaka wetu umeota sangari. Tupange siku moja, mimi nije na jembe langu, nawe na lako, tuchimbe mfereji mmoja." Mfereji mmoja wa watu wawili ni nusu ya kazi kwa kila mmoja. Tena jirani aliyechimba pamoja nawe atautunza, kwa sababu ni wake.

Jihadharini pia na vitu mnavyoleta nyumbani. Ndago nyingi huingia bustanini pamoja na miche ya kununua, samadi isiyooza, au mchanga wa kujengea. Mchunguze mgeni mlangoni kabla hajaingia. Na ukitoka kulima mahali penye ndago au sangari, safisha jembe lako palepale. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

TUKUMBUKE

Basi, turudie somo letu kwa maneno machache.

Kama mmea unatembea kwa kiazi, chimba mzima na uanike, au uuchoshe kila wiki mbili.

Kama unatembea kwa shina la chini, inua kwa jembe la meno, wala usikate. Mmea unaoupenda uupe nyumba yake.

Kama unatembea kwa shina la juu, inua na ugeuze kila wiki.

Kama unatembea kwa mbegu, ng'oa kabla ya maua.

Kumbukeni pia kwamba udongo ulio wazi ni mlango ulio wazi. Funikeni udongo kwa mazao.

Mama yangu alipanda tena mchicha, lakini si msimu uliofuata. Kwanza alipanda kunde katika matuta yale. Kila Jumamosi ya pili tulipita yeye na mimi, tukainama, tukang'oa ndago moja moja. Mimi ndiye niliyebeba kikapu. Msimu wa tatu akapanda mchicha, na fungu la kwanza akanipa mimi nilipeleke sokoni. Ndago chache zilikuwa bado zinatokeza. Hatukuziogopa tena, kwa sababu tulijua zinatembeaje.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Mmea ulioleta leo unatembea kwa mguu gani? Waonyeshe wenzako.

2. Utajuaje tofauti kati ya ndago na nyasi?

3. Kwa nini mama alisema, "Hukupalilia, umepanda"?

4. Kwa nini lantana karibu na nyumba ni hatari?

5. Katika kijiji chenu, mpaka gani unahitaji mfereji mmoja wa watu wawili?

KAZI YA NYUMBANI

Andika sentensi tatu juu ya mmea mmoja unaokusumbua. Sentensi ya kwanza itaje jina lake. Ya pili ieleze unavyotembea. Ya tatu iseme utafanya nini juma hili. Juma lijalo zisomeni darasani kwa sauti.

Na ile mimea iliyo mezani, msiitupe nje ya dirisha. Kusanyeni yote, mwianike juani mpaka ikauke.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda. Kwaherini.